Kuanzia Katikati

Mimi ni daktari wa meno, na kwa kazi hii nimeshadanganywa na kila aina ya binadamu. Mtu anakuja, analala kwenye kiti, namulika taa mdomoni, naona fizi zimevimba na ukoga umegandamana nyuma ya magego. Namuuliza anapiga mswaki mara ngapi. "Asubuhi na usiku, daktari." Habadiliki hata uso. Kumbe ameusugua mdomo asubuhi ile ile kwa nguvu zote mpaka fizi zinavuja damu, akidhani nitaona usafi wa siku moja niuite tabia. Hao sina ugomvi nao, maana wanajua wanadanganya. Wanaonipandisha mori ni wale wanaoyaamini wanayosema.

Mume wangu ni wa kundi hilo la pili.

Anarusha vindege. Sisemi ndege za abiria. Nasema vile vidude vyenye bawa moja la kitambaa lililotandwa juu ya mabomba, na chini yake kitoroli cha magurudumu matatu chenye viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma, na injini mgongoni inayonguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Siku za kazi mume wangu ni mpima ardhi. Jumamosi yeye na wenzake wa klabu huenda kwenye uwanja wao nje ya mji, hufungua banda, hutoa vindege vyao na kujirusha. Ni watu wazima, wenye akili zao, wenye wake na watoto. Kuna mwanasheria, kuna mwenye duka la vipuri ambaye ndiye mwenyekiti, kuna wakala wa bima, ambaye ukimuuliza kama amejikatia bima ya huo mchezo wake anaanza kuzungumzia mvua.

Klabuni mume wangu wanamwita Breki. Jina wamempa kwa utani, lakini linamfaa. Huyu bwana hazimi taa ya kulala kabla ya kwenda kuhakikisha mtungi wa gesi umefungwa, kisha anarudi kitandani, kisha anakwenda tena. Akiendesha gari, waenda kwa miguu humpita na kumpungia mkono. Kwa sababu hiyo wenzake wamemchagua kuwa afisa usalama. Si ule usalama unaowafanya watu wapunguze sauti mezani, usalama wa klabu tu. Kila mwanzo wa msimu anawakalisha kwenye viti vya plastiki na kuwahutubia, nao wanatikisa vichwa kwa adabu kama wagonjwa wangu.

Mlangoni mwa banda kuna ubao ambao ameuandika kwa mkono wake, herufi nyekundu: KURUKA NI KUANZIA MWISHO WA NJIA. Nitaeleza, maana kisa chote kipo hapo. Banda lao limejengwa katikati ya urefu wa njia ya kurukia. Ukitoka mlangoni, nusu ya njia iko mkono wa kushoto na nusu iko mkono wa kulia. Kanuni inataka ukitembeze kindege mpaka kule mwisho kabisa, ugeuke, ndipo ukimbie uruke, ili njia yote iwe mbele yako. Injini ikikuzimikia wakati ndiyo kwanza umeinuka, huna haja ya miujiza, unashuka palepale mbele yako kwenye njia iliyobaki. Lakini ukigeuka mlangoni mwa banda na kuanzia katikati, injini ikizima njia imeshakuishia. Chini yako kuna mtaro, ua wa seng'enge, halafu mikaratusi mirefu.

Sasa, hakuna aliyekuwa akienda mwisho. Ukiwauliza, sababu zipo tele. Njia ni ya changarawe, na kila hatua unayoitembea magurudumu yanarusha vijiwe vinavyotia pengo kwenye pangaboi la injini. Injini ndogo zinachemka ukizitembeza sana juani. Walio nyuma wanasubiri. Zote ni za kweli, na hakuna hata moja kati yake iliyo sababu hasa. Sababu hasa ni kwamba mtu akielekea kule mwisho, wenzake barazani humpigia kelele: "Unasafiri? Utuletee zawadi!" Basi. Mwanaume anayethubutu kuning'inia angani kwenye kitambaa anaogopa kuambiwa alete zawadi.

Fundi Saa alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa pembeni ya benki, mtu mdogo wa umbo, mpole, ukimsalimu anakujibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mkewe nilikuwa namfahamu kwa zile Jumamosi ambazo wake tunakaa barazani tukinywa soda na kuangalia juu. Alikuwa hapendi kuangalia. Alikuwa anageuza kiti chake kikatazama ukuta, na kila injini ikipita ananiuliza mimi, "Ni yeye?"

Jumamosi aliyokufa mimi nilikuwa kliniki. Niliporudi nyumbani nilikuta gari la mume wangu uani, na yeye bado yumo ndani, mikono juu ya usukani, injini imezimwa. Nikafungua mlango wa pili nikakaa. Aliniambia injini ya Fundi Saa ilizima alipokuwa juu ya mtaro. Alijaribu kugeuza arudi uwanjani, na hapo chini, kwa mwendo ule mdogo, kindege hakigeuki, kinaanguka. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Halafu akaanza kutetemeka.

"Alianzia katikati," akasema.

"Ubao wako si unakataza?"

"Mama watoto, mimi pia nilianzia katikati. Nilikuwa mbele yake kwenye foleni. Aliniona nikigeuka, na yeye akageuka palepale."

Nilimshika. Nitakuwa mwongo nikisema nilimkasirikia saa ile. Nilimshika na nikamshukuru Mungu kwamba wa kwangu ndiye aliyerudi, na mtu yeyote anayetaka kunihukumu kwa hilo na anihukumu. Lakini ilipopita siku mbili tatu nikaanza kuwaza juu ya binti yetu.

Binti yetu ni kifunguamimba wetu, amemaliza chuo na kuanza kazi, na baba yake alikuwa amemwahidi kwamba mwaka huu atampakia kiti cha nyuma. Klabu ikaamua kwamba Jumamosi itakayofuata watakaa kikao, na baada ya kikao vindege vyote vitaruka pamoja kumuaga marehemu. Binti akasema hiyo ndiyo siku anayoitaka, Fundi Saa alikuwa akimtengenezea saa yake bure tangu yuko shule. Mimi nikamwita mume wangu jikoni, nikafunga mlango.

"Sikukatazi kumpakia," nikamwambia. "Mkubwa yule, siwezi kumfungia kabatini. Lakini kwanza usimame kwenye hicho kikao chenu, useme mbele ya mke wa marehemu ulichoniambia mimi ndani ya gari. Halafu ukimpakia mwanangu, uende mpaka mwisho wa njia. Hayo mawili tu."

"Nitasema," akanijibu. "Nilikuwa nimeshaamua kusema."

Alikuwa akiniangalia usoni, na ninaapa alikuwa anamaanisha.

Wao wanakiita kikao cha kujifunza. Nimekihudhuria mara moja tu, hiyo, na kwangu jina lake ni kikao cha mimi-nisinge. Walipanga viti kwenye banda, vindege vimesukumwa pembeni, harufu ya petroli na oili imetanda. Mjane walimkalisha mbele kabisa, kitambaa cheusi kichwani, chupa ya maji mapajani ambayo hakuifungua. Nikakaa karibu naye. Binti yangu alisimama nyuma karibu na mlango, tayari amevaa koti zito la baba yake.

Mwenyekiti alifungua kwa kumsifu marehemu. Alisema alikuwa mtu wa watu. Halafu akasema tumekutana si kwa kulaumu, ni kwa kujifunza, na hapo hapo lawama ikaanza.

Wa kwanza alikuwa mwanasheria. "Mimi binafsi," akasema, "upepo ukiwa unabadilika namna ile nisingetoka kabisa. Ningekaa nikanywa chai."

"Mimi nisingejaza tangi," akasema mtu wa bima. "Uzito ule, na joto lile! Mimi huwa naweka nusu."

Mwenyekiti mwenyewe akasema yeye asingegeuza kurudi. Injini ikizima unakwenda mbele moja kwa moja, hata kama mbele ni kwa mama mkwe. Watu wakacheka kidogo, wakakumbuka, wakakohoa. Mwingine akasema yeye asingetumia plagi za injini za bei rahisi. Wakaendelea hivyo, kila mmoja akiweka lake. Niliona kitu ambacho hawakukijua wenyewe: kila aliyemaliza kusema aliegemea kiti akapumua, kama mtu niliyemwambia jino lake halihitaji kung'olewa. Kosa limeshapatikana, nalo si lake. Jumamosi ijayo anaweza kuruka.

Mjane alikuwa ameinamisha kichwa. Kila "mimi nisinge" ilikuwa inamvua mumewe kitu kimoja: akili, umakini, ustadi wake wa mikono. Kufikia hapo aliyebaki kwenye mazungumzo alikuwa mjinga fulani aliyejitupa kwenye mikaratusi.

Halafu akasimama Breki, afisa usalama, mume wangu. Nikakaa wima.

"Ndugu zangu," akasema, "yote mliyosema ni sawa. Lakini tusizunguke. Marehemu alianzia katikati." Akaonyesha ubao kwa kidole. "Maandishi yako pale, makubwa, mekundu. Angeanzia mwisho, leo tungekuwa naye hapa." Akaniangalia. Nikamwangalia. Nilikuwa namwambia kwa macho, haya, sema sasa. Midomo yake ilifunguka. "Tumkumbuke kwa kuheshimu kanuni," akasema, na akakaa.

Wakampigia makofi. Mtu akasema, "Breki kamaliza."

Kuna watu wanaweza kumeza jambo kama lile, wakaenda kulitema nyumbani. Mimi si mmoja wao. Nilisimama kabla mwenyekiti hajashika karatasi zake.

"Samahani," nikasema. "Mume wangu amesahau kidogo. Naye alianzia katikati, siku ile ile, upepo ule ule, mbele ya Fundi Saa. Aliniambia mwenyewe. Fundi Saa alifanya alichomwona afisa usalama akifanya."

Ulikuwa unasikia bati la banda likipanuka kwa joto. Mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Shemeji," akasema mwenyekiti kwa upole, "tunaelewa una uchungu."

"Sina uchungu, nina swali. Aliyewahi kwenda mpaka mwisho wa njia msimu huu anyooshe mkono nimwone."

Hakuna mkono uliosogea. Mtu wa bima alikuwa amegundua kitu cha kuvutia sana kwenye kifungo cha shati lake.

"Swali hilo haliko kwenye ajenda," akasema mwanasheria.

"Shemeji, usichanganye mambo," mwingine akadakia kutoka nyuma. "Breki ana uzoefu. Breki kuanzia katikati na Fundi Saa kuanzia katikati si kitu kimoja."

"Na injini ya Breki ni mpya," akasema wa bima, akiwa amefarijika kweli kweli.

Na mume wangu, ambaye nimezaa naye, ambaye alitetemeka mikononi mwangu ndani ya gari, akainua kichwa akasema, "Nilipoondoka mimi, kwa kweli, upepo ulikuwa bado umetulia."

Hakuwa anadanganya kwa kunikomoa. Hiyo ndiyo sehemu iliyonikata maini. Alikuwa ameutafuta upepo ule wiki nzima kichwani mwake mpaka akaupata, na sasa anao, na anauamini. Nikawapa vidonge vyao, nikawaambia wote ni waoga wa kutupwa, na nikatoka nje kabla sijalia mbele yao.

Mjane alinifuata. Tulisimama kwenye kivuli cha banda, upande wa tangi la maji. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Dada," akasema, "niambie vizuri. Kwa hiyo hakuwa mzembe?"

"Hakuwa. Alifanya wanachofanya wote. Kila Jumamosi, wote."

"Maana mashemeji zangu wanasema alijitakia. Watoto wanaambiwa shuleni baba yenu alikuwa anarusha ndege ovyo. Mimi mwenyewe, dada, usiku namgombeza. Namgombeza maiti." Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Mtu aliyekuwa akifungua saa na kuzipanga skrubu kwa mstari! Ndiyo maana nilikuwa sielewi."

"Basi elewa sasa. Injini ilimzimikia yeye. Ingeweza kumzimikia yeyote kati yao."

Akavuta pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yakishuka. Kwa dakika hizo nilijiona nimefanya kazi. Nilikuwa nimempa mtu kitu chake, na hata kama nimevunja ndoa, nikawaza, basi angalau hicho kipo.

Nyuma yetu walianza kusukuma vindege nje. Mume wangu akaja, kofia ngumu mkononi, na binti yuko pembeni yake. Hakuniangalia machoni.

"Usipande," nikamwambia binti yangu.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya kunibembeleza, ile wanayotumia wakishakuwa wakubwa. "Si umeshamsema mbele ya watu wote? Leo ndiye atakayekuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote duniani. Hakuna siku salama kuliko leo."

"Nitakwenda mpaka mwisho," akasema mume wangu. "Nilikuahidi mawili, moja limenishinda. Hili halinishindi. Mtoto wangu huyu."

Nikamwamini. Ningefanya nini? Alikuwa ni yuleyule anayeamka kwenda kuangalia mtungi wa gesi. Alimfunga binti mkanda wa kiti, akaukagua, akaukagua tena, akapitisha mkono kwenye kila boliti ya bawa na kila waya. Kazi ile aliifanya vizuri, na kila aliyekuwa akimwangalia angesema huyo ni mtu makini.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Akatoka mlangoni mwa banda, akageuka palepale katikati, akakimbia, akainuka. Nilishangaa mpaka nikasahau kufunga mdomo. Hata nusu saa haijapita! Mwanasheria naye akageuka palepale. Mjane alikuwa amesimama pamoja nami kwenye ukingo wa baraza, bado ameshika mkono wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anaangalia.

Halafu akatoka mume wangu. Hakugeuka. Akaelekea kule mwisho.

Kindege kilikwenda polepole kikiyumba kwenye changarawe, vumbi likipanda nyuma ya pangaboi, na kofia nyeupe ya binti yangu ikirukaruka nyuma ya kofia yake. Nikasema moyoni, nenda, mume wangu, nenda, nitakusamehe yote, nitakupikia, sitalitaja tena. Nyuma yake foleni ilikuwa imesimama, injini zinanguruma bila kwenda popote. Mtu wa bima alikuwa ametoka mlangoni, akaangalia joto la injini yake, akainua mikono juu kama anayemuuliza Mungu.

Pale barazani mtu akapaza sauti. Sijui ni nani. Alipaza kwa furaha kabisa, kama siku yoyote. "Breki! Utuletee zawadi!"

Wakacheka. Siku ya kumuaga mtu, wakacheka. Sijui kama kicheko kilifika kule kwenye kelele ya injini, lakini naona hakikuhitaji kufika, maana yeye alikuwa amekaa barazani hapo miaka na anajua kinasemwa nini. Nikaona kindege kinapunguza mwendo. Nikaona kofia nyeupe inainama mbele, karibu na bega la baba yake, kama anayesema neno. Kindege kikasimama. Alikuwa amekwenda kipande kidogo tu, mwendo wa kutoka kwangu hadi dukani.

Akageuka.

Akakimbia. Nilijua kufumba macho hakusaidii kitu, kwa hiyo sikufumba. Magurudumu yakaacha ardhi mbele ya banda, wakapita juu yetu, wakapita mtaro, wakapita ua wa seng'enge, na ile mikaratusi ikawa chini yao. Injini haikukohoa hata mara moja. Walipokuwa wadogo kabisa angani ndipo nilipohisi kucha za mjane zimezama kwenye kiganja changu.

Wakazunguka wote pamoja juu ya uwanja, wakiacha nafasi moja wazi katikati yao kwa ajili ya marehemu. Ilikuwa inapendeza. Nachukia kusema hivyo, lakini ilipendeza. Kisha wakaanza kushuka mmoja mmoja. Mwenyekiti akashuka. Mwanasheria akashuka. Mtu wa bima akadunda kidogo, watu wakamzomea kwa mapenzi. Mume wangu akashuka laini, bila hata vumbi.

Binti yangu alikuja mbio, nywele zimelala kwa kofia, macho yanang'aa, mzuri kuliko nilivyowahi kumwona. "Mama! Umeniona? Mama, nataka kujifunza. Baba amesema atanifundisha mwenyewe."

"Ulimwambia nini baba yako kule njiani?" nikamuuliza. "Kabla hajageuka."

Alichukua muda kukumbuka. Kwake lilikuwa jambo dogo. "Nilimwambia inatosha, watu wanatusubiri. Nilikuwa naona aibu, Mama, tumewasimamisha wote."

Mume wangu alikuja nyuma yake akivua glavu. Sasa aliweza kuniangalia. Alikuwa anaonekana kama mtu aliyepona homa.

"Umeona?" akaniambia, kwa upole, bila hata chembe ya ubishi. "Niliangalia upepo, niliangalia joto la injini, niliangalia kila kitu. Nisingemhatarisha mtoto."

Nilikuwa na la kumjibu, nilikuwa nalo tele, lakini mjane alikuwa ameuachia mkono wangu. Alikuwa anawahesabu. Aliangalia vindege vilivyopangwa mbele ya banda, aliangalia wanaume wanaopigana mabega na kupeana maji, akarudia kuangalia.

"Dada," akasema, "ulisema wote wanafanya kama alivyofanya."

"Si umewaona mwenyewe?"

"Nimewaona. Mbona wote wamerudi?"

"Kwa sababu leo hakuna injini iliyozima," nikamwambia. "Ni hilo tu. Ni bahati."

Akalifikiria jibu langu, na nilimwona anavyoligeuza, na nilimwona anapofika mahali ambapo sikutaka afike. Angeishije na bahati? Hakuna mke anayeweza kwenda kuwaambia watoto wake kwamba ilikuwa bahati.

"Basi ilikuwa ni injini yake," akasema polepole. "Alikuwa anaifungua mwenyewe nyumbani, kwenye meza ya kulia. Nilimwambia ipeleke kwa fundi, akasema na mimi si fundi?" Uso wake ukaanza kufunga. "Nilimwambia. Mara ngapi nilimwambia!"

"Dada, hapana, nisikilize."

Lakini alikuwa ameshashuka ngazi za baraza. Alitembea mpaka kwa mume wangu, akampa mkono, na ingawa walikuwa mbali kidogo nilimsikia vizuri kabisa akimwomba radhi kwa maneno niliyomsema mimi mbele za watu, siku ambayo kosa halikuwa lake.